Mundu Ndani ya Damu

Siku ya arobaini ya mdogo wangu wa kike, shangazi alisimama uani kwetu akasema maneno ambayo mpaka leo hayajanitoka. "Kwetu sisi hakuna damu ya namna hii. Ugonjwa huu kaja nao mke wa kaka." Mama alikuwa jikoni anapakua pilau. Alisikia kila neno, hakujibu. Aliyejibu ni mjomba, na jibu lake likazidi ubaya: eti kwenye ukoo wa baba kuna mtu anayekula watoto. Wageni wakaanza kuaga mmoja mmoja, wengine hata hawajanawa mikono.

Marehemu alikuwa na miaka minne. Macho yake yalikuwa ya njano, vidole vilikuwa vinavimba, usiku akilia viungo. Tulimpeleka kwa waganga wawili kabla ya daktari mmoja kututajia jina la ugonjwa: selimundu, au kama tunavyosema mtaani, siko seli. Tulikuwa tumeshachelewa.

Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu. Wiki ileile tulikuwa tumejaza daftari la biolojia: himoglobini ni protini, protini imejengwa kwa asidi amino, himoglobini hubeba oksijeni. Nikakariri, nikapata alama nzuri. Wallahi haikunijia hata mara moja kwamba ile protini ya ubaoni ndiyo iliyokuwa imetoka kumuua mdogo wangu. Niliimaliza shule hivyo hivyo. Nilipoanza kuhangaika na riwaya yangu ya kwanza ndipo nilipojikuta nasoma historia ya ugonjwa huu, na ninachokisimulia hapa ndicho nilichotamani kuwa nacho kinywani siku ile ya arobaini.

Mwaka 1904 kijana wa miaka 20 aitwaye Walter Clement Noel alitoka kisiwani Grenada akaenda Chicago, Marekani, kusomea udaktari wa meno. Kabla mwaka haujaisha alikuwa kitandani hospitali. Daktari kijana, Ernest Irons, alitazama damu yake kwa darubini akaona jambo geni. Seli nyekundu ya kawaida ni ya duara, imebonyea katikati, tena laini, hupenya hata mishipa myembamba kuliko yenyewe. Za Noel nyingi zilikuwa nyembamba, zimepinda kama mundu. Mkubwa wa Irons, James Herrick, alichapisha habari hizo mwaka 1910. Jina la mgonjwa halikuwemo. Noel alihitimu, akarudi kwao kuwatibu watu meno, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32.

Kwa karibu miaka 40 madaktari walijua umbo la seli hiyo lakini hawakujua chanzo chake. Ndipo mwaka 1949 mkemia Linus Pauling na wenzake, huko California, walipochukua himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya wakazipitisha katika umeme. Hazikwenda pamoja. Maana yake, chaji zake hazilingani; ni vitu viwili tofauti. Kisha wakapima watu wasioumwa ila damu yao ina dalili ya mundu, wakakuta wana himoglobini zote mbili, zimechanganyika. Shikilia hapo, ndugu msomaji, tutaparudia.

Lakini tofauti yenyewe ilikuwa wapi? Mwaka 1956 Vernon Ingram, pale Cambridge, aliikata protini hiyo vipande vipande akavilinganisha kimoja kimoja. Molekuli moja ya himoglobini ina minyororo minne: miwili ya alfa, miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizofuatana kama shanga kwenye uzi. Zote zilikuwa sawa isipokuwa moja, ile ya sita. Mahali palipopaswa kukaa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Basi! Shanga moja katika 146.

Sisi tunaojifunza kuandika tunajua herufi moja inaweza kufanya nini. Andika "kufa" badala ya "kufaa" uone. Na hapa pia ni hivyo: asidi ya glutamiki ina chaji, inaelewana na maji. Valini haina chaji, inayakimbia maji. Himoglobini inapokwisha kutoa oksijeni yake, ile valini hutafuta pa kujificha, ikajibana kwenye himoglobini ya jirani, na jirani kwa jirani, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli kutoka ndani ikapinda. Seli iliyopinda hukwama kwenye mishipa midogo, na mbele yake damu haipiti. Hayo ndiyo maumivu ya usiku. Tena seli hizo hazidumu: seli ya kawaida huishi siku kama 120, hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Zikivunjika kwa wingi, macho huwa ya njano. Hakukuwa na mtu yeyote anayekula mtoto usiku.

Likabaki swali ambalo hata mtoto angeliuliza. Kama ugonjwa huu unaua watoto kabla hawajazaa wenzao, mbona haujaisha wenyewe duniani? Kumbe jibu halikutoka Chicago wala Cambridge. Lilitoka huku kwetu.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 akakulia shambani karibu na Gilgil, Kenya. Mwaka 1949, akiwa na miaka 24 na bado mwanafunzi wa udaktari, alirudi na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford akazunguka Kenya akikusanya damu. Aligundua kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na dalili ya mundu katika damu yao. Nyanda za juu, hata mmoja katika 100 hafiki. Kijana akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Wewe na mimi tuliolala bila chandarua tunalijua jibu. Kuna mbu. Kuna malaria.

Mwaka 1953 alirudi kuhakikisha. Katika watoto 290 aliowapima Uganda, wasio na dalili ya mundu walikutwa na vijidudu vya malaria kiasi cha 46 katika 100. Wenye dalili, 28 tu. Akachukua pia wanaume Wajaluo 30, nusu wana dalili hiyo, nusu hawana, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio nayo, 14 waliugua. Kati ya 15 walio nayo, wawili tu. Taarifa yake ilitoka mwaka 1954 na inawaita watu wa kujitolea. Mimi huwa nasimama hapo kidogo. Walielezwa nini, kwa lugha gani, katika nchi iliyokuwa chini ya mkoloni? Vitabu nilivyosoma vinamtaja Allison, naye anastahili. Majina ya wale 30 sikuyakuta. Elimu hii imeandikwa kwa damu yao, halafu sisi tunaikariri kama kitu kilichotoka Ulaya ndani ya boksi.

Sasa turudi kwenye ile himoglobini iliyochanganyika. Kila mtu hupokea jeni mbili za mnyororo wa beta: moja kwa baba, moja kwa mama. Mwenye jeni moja ya mundu haumwi siko seli, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo ilidumu pwani na ziwani: iliwaokoa watoto wengi. Ila wawili wenye moja moja wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kupata zote mbili. Huyo ndiye mgonjwa. Rudia tena, polepole: zote mbili. Moja ya baba, moja ya mama. Hakuna mke anayeweza kuja na ugonjwa huu peke yake.

Mdogo wangu wa kiume alipozaliwa na kuanza kuumwa hivyo hivyo, safari hii tuliwahi. Yuko hai, anakunywa haidroksiyurea, anacheza mpira mpaka aambiwe pumzika. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni zenyewe, lakini bei yake ni ya watu wengine. Kwetu sisi vidonge, maji mengi na chandarua ndiyo mpango mzima.

Wazazi nao walipimwa. Kila mmoja ana moja. Nilichora duara nne kwenye karatasi nikamweleza mama kama nilivyokuelezeni. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo nusu yangu, nusu ya baba yako." Nikasema ndiyo. Akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Jumapili yake baba aliivaa kanzu yake akaenda kwa shangazi peke yake. Walichozungumza sikijui, ila Idi iliyofuata shangazi alikuja kwetu mapema, akaingia moja kwa moja jikoni kumsaidia mama kuchambua mchele.

Mimi pia nimepima. Ninayo moja. Binti ninayetaka kumwoa nilimsimulia yote haya, toka Noel mpaka karatasi ya mama, naye akakubali kutoa damu. Majibu yake tunayafuata kesho asubuhi.