Jicho Linauma, Mgongo Umekaza

Ndugu msomaji, ukimwambia mtu wa mtaani kwamba jicho na kiuno vina undugu, atakucheka. Jicho liko juu, kiuno kiko chini. Jicho ni laini kama yai, uti wa mgongo ni mfupa mtupu. Hata ukienda hospitali kubwa, mlango wa macho ni mwingine na mlango wa mifupa ni mwingine, na kila mlango una foleni yake. Lakini undugu huo upo. Daktari mmoja aliuandika mwaka 1850, wenzake wakauweka kando, ukaja kuthibitishwa kwa damu mwaka 1973. Katika makala hii nataka tuufuate undugu huo tangu mwanzo, maana kila uliposahaulika kuna watu walilipa kwa macho yao na migongo yao.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ugonjwa wa kwanza ni baridi yabisi ya uti wa mgongo, ambayo wataalamu wanaiita spondilitisi. Hii si ile baridi yabisi ya wazee. Huanza ujanani, mara nyingi kabla ya miaka 45, tena huanza polepole. Maungio ya nyonga na kiuno huvimba kwa ndani. Asubuhi mtu anaamka amekaza kama ubao. Cha ajabu, akitembeatembea anapata nafuu, akilala anazidiwa. Ikiachwa miaka mingi, pingili za mgongo zinaweza kushikana zikawa mfupa mmoja, mtu akashindwa kuinama wala kugeuza shingo.

Ugonjwa wa pili ni uvimbe wa irisi, yaani lile duara lenye rangi linalozunguka mboni. Kitaalamu unaitwa yuveitisi ya mbele. Jicho moja linakuwa jekundu kwa ghafla, linauma kwa ndani, mwanga unalichoma, na kuona kunakuwa kama kuna ukungu. Usiuchanganye na yale macho mekundu yaliyosambaa Dar es Salaam mwezi Januari 2024. Yale yalikuwa ya virusi, mtu alimwambukiza mwenziwe, macho yakawasha na kutoa matongo. Huu haurukii mtu kutoka kwa mwenzake na matongo hautoi, lakini ni mbaya zaidi: usipotibiwa mapema irisi hugandana na lenzi iliyo nyuma yake, presha ya jicho ikapanda, na mtu akaweza kupofuka. Sasa basi: kati ya watu watatu wenye spondilitisi, karibu mmoja hupatwa na uvimbe huu wa jicho wakati fulani maishani. Si bahati mbaya tu, kuna jambo.

Twende kwenye historia. Katika miaka ya 1690 kijana mmoja wa Ireland, Bernard Connor, alikuwa masomoni Ufaransa. Akapata mikononi mwake sehemu ya kiunzi cha mifupa ya mtu asiyejulikana. Nyonga, kiuno, pingili na mbavu, vyote vilikuwa vimeungana kana kwamba vimemiminwa katika kalibu moja. Connor aliandika habari hiyo, ikachapishwa mwaka 1695. Akafikiri kwa akili sana: mtu huyu alipokuwa hai hakuweza kuinama wala kujigeuza, na kifua chake hakikuweza kutanuka vizuri wakati wa kuvuta pumzi. Yote hayo aliyasoma kwenye mifupa mikavu.

Lakini hebu tujiulize, macho ya marehemu yule yalikuwaje? Hakuna awezaye kujibu. Mfupa hukaa kaburini karne kwa karne, jicho huoza mwanzo. Ndiyo maana mifupa peke yake haikuweza kuufichua undugu huu. Tena mifupa inaweza hata kudanganya. Kwa muda mrefu wataalamu walisema Farao Ramesses wa Pili wa Misri alikuwa na spondilitisi, kwa kuwa picha za maiti yake zilionyesha mgongo ulioshikana. Mwaka 2014 wataalamu wa Misri, Sahar Saleem na Zahi Hawass, walichapisha picha mpya za maiti za wafalme na kusema hapana, ule ulikuwa ugonjwa mwingine, wa mifupa kuota juu ya mifupa uzeeni.

Ilibidi basi apatikane mgonjwa aliye hai, na daktari mwenye masikio. Daktari huyo alikuwa Benjamin Brodie wa London, mpasuaji wa hospitali ya St George's, mtu mkubwa aliyewatibu hata wafalme. Mwaka 1818 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya maungio. Humo alieleza habari za wanaume waliotokwa na usaha sehemu za siri, kisha wakaumwa macho, kisha wakavimba viungo. Kumbe alikuwa ameanza kuzoea kuona mambo yakija kwa mfululizo. Katika toleo la mwaka 1850 akaongeza habari ya mwanamume wa miaka 31 ambaye mgongo wake ulikuwa umekaza, na ambaye mara kwa mara alishikwa na uvimbe mkali wa jicho. Hapo ndipo jicho na mgongo vilipokutana kwenye ukurasa mmoja. Brodie hakuwa na eksirei wala kipimo cha damu. Alikuwa na mgonjwa mbele yake, akamsikiliza mpaka mwisho.

Ungedhani baada ya hapo kazi imekwisha. Wapi! Mwaka 1851, mwaka mmoja tu baadaye, Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho. Ilikuwa baraka kubwa, lakini kila baraka ina kodi yake. Macho yakazidi kuwa fani yenye vyombo vyake, vitabu vyake na mabwana wake. Mgongo nao ukapata mabwana wengine. Mrusi Vladimir Bekhterev aliandika juu yake mwaka 1893, Mjerumani Adolf Strümpell mwaka 1897, Mfaransa Pierre Marie mwaka 1898. Wote watatu walikuwa mabingwa wa mishipa ya fahamu, na ugonjwa ukabeba majina yao miaka mingi. Waliueleza mgongo vizuri mno. Lakini mgonjwa yule yule sasa alikuwa amegawanywa, kichwa kwa huyu na kiuno kwa yule.

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa jeshi la Ujerumani, Hans Reiter, alieleza habari za askari aliyeharisha damu, kisha akashikwa na njia ya mkojo, macho na viungo. Wafaransa wawili, Fiessinger na Leroy, waliandika jambo kama hilo mwaka huo huo. Jina lililoshika likawa la Reiter. Baadaye dunia ikatambua kwamba bwana huyo alikuwa kigogo wa afya katika serikali ya Hitler, na alihusika na majaribio ya chanjo yaliyoua wafungwa katika kambi ya Buchenwald. Leo madaktari wengi wameliacha jina lake, wanasema tu baridi yabisi inayofuata maambukizo. Na ni haki. Hata Brodie alikuwa ameyaona hayo karibu miaka mia moja kabla yake.

Kuutazama ugonjwa kama mfupa tu kulikuwa na gharama. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1935 na 1954, zaidi ya wagonjwa 13,000 wa spondilitisi walichomwa mgongo kwa mionzi. Maumivu yalipungua kweli. Lakini mwaka 1957 W. M. Court Brown na Richard Doll walionyesha kwamba saratani ya damu imewapata wagonjwa hao kuliko ilivyotarajiwa. Walipoza mgongo, wakaiumiza damu.

Na ajabu ni kwamba jibu lilikuwa humo humo damuni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tangu mwaka 1958, kutokana na kazi ya Mfaransa Jean Dausset, wataalamu walikuwa wakizitafuta alama zilizo juu ya chembechembe nyeupe za damu, zile ambazo mwili hutumia kumtambua wa nyumbani na mgeni. Walizihitaji kwa ajili ya kuhamisha figo. Mwaka 1973 Derrick Brewerton na wenzake wa hospitali ya Westminster, London, waliwapima wagonjwa 75 wa spondilitisi. Wagonjwa 72 walikuwa na alama moja, inayoitwa leo HLA-B27. Katika watu 75 wasio na ugonjwa, waliokuwa nayo ni watatu tu. Mwaka huo huo timu ya Los Angeles ikapata karibu yale yale: 35 kati ya wagonjwa 40.

Brewerton hakuishia mgongoni. Mwaka huo huo wa 1973 aliwapima watu waliokuja kwa sababu ya uvimbe wa ghafla wa irisi. Karibu nusu yao walikuwa na alama ile ile. Basi, undugu ukathibitika. Jicho na mgongo havikuugua kwa kufuatana njiani tu, walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mzee Brodie alikuwa amesema kweli miaka 123 kabla.

Hapa msomaji wa kwetu atauliza: sawa, na sisi je? Swali zuri. Alama hii ya B27 ni ya kawaida Ulaya, ambako karibu watu 8 katika 100 wanayo, na wengi wao hawaugui kamwe. Kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara haifiki hata mtu 1 katika 100. Tena mwaka 1997 watafiti walioshughulika na Wafula wa Gambia, ambao wanayo kwa wingi kuliko majirani zao, waliripoti kwamba spondilitisi hawakuikuta. Kwa hiyo wako waliosema haraka haraka, ugonjwa huu si wa Waafrika. Lakini miaka hiyo hiyo ya 1990 madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu mjini Lusaka, Zambia, walikuwa wanapokea wagonjwa wengi wa jamii hii ya baridi yabisi. Wengi wao walikuwa na virusi vya UKIMWI, na B27 hawakuwa nayo. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwa mlango mwingine. Mtu wa kwetu akipimwa B27 asipokutwa nayo, hilo halimaanishi mgongo wake ni mzima.

Na kwetu mambo yana ugumu wake. Kijana akilalamika kiuno, ataambiwa ni kazi ya kubeba mizigo, ama kitanda kibovu. Kama ana bahati atapimwa kifua kikuu cha mifupa, jambo ambalo ni la lazima kweli. Jicho likiwa jekundu, mtaani watasema kavuta bangi, na duka la dawa litamuuzia matone bila kumtazama. Matone mengine yana dawa kali ya kupunguza uvimbe: ndiyo inayoponya irisi ikitolewa na daktari wa macho, lakini jicho lenye kidonda linaweza kuharibiwa nayo. Tena si kila uvimbe wa irisi una undugu na mgongo. Kifua kikuu, kaswende na malengelenge nayo huleta. Kwa hiyo jicho lazima litazamwe kwa chombo.

Lakini kuna jambo lisilohitaji chombo. Mwaka 2015 madaktari wa Dublin, nchini kwao Connor, walichapisha utafiti juu ya watu waliokuja kwa uvimbe wa ghafla wa irisi usiojulikana chanzo. Karibu 40 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa jamii ya spondilitisi na hakuna aliyewahi kuwaambia. Walikuwa wanatembea nao. Jicho ndilo lililowaleta, na swali juu ya mgongo ndilo lililowafichua. Leo ziko dawa zinazotuliza vyote viwili, jicho na mgongo, ingawa zile mpya za sindano bei yake haishikiki kwa wengi. Mazoezi na vidonge vya kupunguza uvimbe bado ni msingi, na vikianza mapema vinasaidia.

Vijana wenzangu, sisi ndio wenye umri wa ugonjwa huu. Ukiwa na mgongo unaokaza kila asubuhi kwa zaidi ya miezi mitatu na kulegea ukitembea, na siku moja jicho moja likawa jekundu na kuukimbia mwanga, usiende dukani. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, na umwambie habari za mgongo hata kama hajakuuliza. Ukifika kwa daktari wa mifupa, mwambie habari za jicho. Na ninyi mnaosomea udaktari, mkishamaliza kulitazama jicho, ulizeni: na mgongo je? Kuuliza si ujinga. Brodie aliuliza mwaka 1850.