Mtoto Akikua, Aende Wapi?



Wiki iliyopita jirani yangu alinisimamisha mlangoni. "Baba Neema," aliniambia, "mwanangu ametimiza miaka 18. Shuleni wamesema muda wake umekwisha. Sasa nimpeleke wapi?" Kijana wake ana ulemavu wa akili. Sikuwa na jibu la papo kwa papo, ila nilikumbuka familia moja tajiri ya Marekani ambayo nayo ililikosa jibu hilo.

Mwaka 1918 Joseph Kennedy na mkewe Rose walipata binti, Rosemary, dada yake John Kennedy aliyekuja kuwa Rais. Binti huyo alichelewa kutembea na kusoma kulimpa taabu. Mwaka 1938 baba yake alipokwenda Uingereza kuwa balozi, Rosemary alitiwa katika shule ya masista huko. Hapo ndipo aliponawiri. Alifundishwa kumsaidia mwalimu wa watoto wadogo, akawa anawasomea hadithi. Yaani alikuwa ameipata kazi anayoiweza.

Mwaka 1940 vita ilimrudisha nyumbani na kazi ile ikaishia hapo. Alipelekwa hapa na pale asitulie. Alikuwa mwanamke mzima, anawaona wadogo zake wakienda watakako huku yeye akilindwa. Akawa mtu wa hasira, na usiku akitoroka. Baba yake akaingiwa na hofu. Mwaka 1941, bila kumshirikisha mkewe, akawaruhusu madaktari wampasue ubongo, eti atulie. Rosemary akapoteza uwezo wa kutembea na kusema. Kutembea alijifunza upya, lakini yule wa zamani hakurudi tena. Alitunzwa na masista huko Wisconsin hadi alipofariki mwaka 2005, akiwa na miaka 86.

Sisemi mzee yule hakumpenda bintiye. Nasema familia ilijiandaa kulea mtoto, haikujiandaa kuishi na mtu mzima.

Wenzetu wa Marekani walichelewa kujifunza, lakini walijifunza. Mdogo wake Rosemary, Eunice, alianzisha Olimpiki Maalumu mjini Chicago mwaka 1968. Mwaka 1975 ilipitishwa sheria ya kuwapa watoto wote wenye ulemavu haki ya shule. Mwaka 1990 sheria hiyo ikaongezwa jambo: mwanafunzi asifikishe miaka 16 bila shule kuandika naye mpango wa maisha yake baada ya masomo. Samaki mkunje angali mbichi.

Hapa kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, lakini haitembei nyumba kwa nyumba kumtafuta kijana aliyefungiwa chumbani.

Nilirudi kwa jirani yangu nikamuuliza, "Huyu kijana anaweza kazi gani?" Alifikiri kidogo, akasema, "Anafua na kupiga pasi kuwashinda dada zake." Basi tumekubaliana kuanzia hapo, na Jumatatu tunakwenda wote watatu kuzungumza na dobi wa mtaani.

Nawe msikilizaji mwenye duka, gereji au mgahawa, kijana kama huyu akiletwa mlangoni pako, utamjibu nini mama yake?