Kiswahili Kilivyotwaa Jioni ya Runinga

Jioni ya runinga nchini Kenya ina mipaka miwili inayojulikana karibu kila nyumba: taarifa ya habari ya Kiswahili saa moja, na ya Kiingereza saa tatu. Katikati ya mipaka hiyo watu wamesharudi kutoka kazini, chakula kiko jikoni, watoto hawajalala na rimoti inagombewa. Ndipo vilipokaa Vioja Mahakamani na Vitimbi, kisha Tausi, kisha Papa Shirandula na Inspekta Mwala, hadi tamthilia za juzijuzi kama Maria na Sultana. Wanaosimulia historia ya Kiswahili nchini humo huanzia kwenye katiba, mitaala na tume za elimu, na vipindi hivi huvitaja kwa sentensi moja, kama vitu vya kupitishia muda. Nadhani wamepindua mpangilio. Kiswahili kilipatiwa nafasi yake katika saa za mapumziko na waigizaji waliofanya kazi kwa vifaa haba na malipo madogo, muda mrefu kabla sera haijawafuata.

Tazama tarehe zenyewe. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, ukoloni ukielekea ukingoni. Mtambo wa kwanza wa kurushia matangazo uliwekwa kwenye nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yalifika eneo dogo tu kuizunguka. Mwaka 1964 serikali huru ililichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Jina lilibadilika mara moja. Vipindi havikubadilika kwa kasi hiyo, kwa sababu filamu na michezo ya Uingereza na Marekani ilikuja tayari imetengenezwa, na kuinunua kulikuwa rahisi kuliko kutengeneza kitu kipya. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni. Katika shule za msingi, lakini, Kiswahili hakikuwa somo la lazima lenye mtihani hadi mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985. Kikawa lugha rasmi ya Jamhuri sambamba na Kiingereza kwa Katiba ya mwaka 2010. Vioja Mahakamani kilianza miaka ya 1970. Kwa hiyo mtoto aliyekaa chini kwenye mkeka akikitazama kipindi hicho katika miaka yake ya mwanzo alikuwa akisikia Kiswahili cha mashtaka, utetezi, ushahidi na hukumu ambacho shule yake haikuwa na wajibu wa kumtahini.

Inafaa kukiangalia kipindi hicho kwa karibu, maana ufundi wake haukupewa sifa inayostahili. Mandhari ni moja tu: chumba cha mahakama. Kuna meza ya hakimu, kizimba cha mbao, kiongozi wa mashtaka aliyesimama na karatasi mkononi, na askari wa kuita watu. Hakuna magari wala nyumba za kifahari, na kamera haina haja ya kutoka nje. Kila kitu kinabebwa na maneno. Mshtakiwa anasomewa kosa lake, labda la kuiba kuku au kumtapeli jirani, anaulizwa kama ni kweli au si kweli, na badala ya kujibu anaanza kusimulia alivyoamka asubuhi ile. Hakimu anamrudisha kwenye swali. Anajibu kwa swali lingine. Kiongozi wa mashtaka, nafasi iliyoshikwa kwa miaka mingi na Gibson Gathu Mbugua, anamwekea mtego wa hoja kwa Kiswahili kilichonyooka, na mshtakiwa, awe Ondiek Nyuka Kwota, Makokha au Masaku, anajitumbukiza mwenyewe akidhani anajiokoa. Hapo mtazamaji anasikia Kiswahili cha aina mbili kikipambana: kile cha sheria, chenye upatanisho kamili wa sarufi, na kile cha sokoni, kilichojaa lafudhi na ubunifu wa papo kwa papo. Mara nyingi cha sokoni kinashindwa kesi lakini kinashinda ukumbi.

Nchini Kenya jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai iliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na ikaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini. Mwananchi wa kawaida aliyefikishwa mbele ya jaji aliweza kusikia kesi yake mwenyewe ikijadiliwa katika lugha aliyohitaji kutafsiriwa. Runingani, kila wiki, aliiona mahakama ambayo hakimu, polisi na mtuhumiwa wanaelewana bila mkalimani. Waandishi wa kipindi hawakuhitaji kuhutubia juu ya haki ya lugha. Walitengeneza mfano wake na kuurudia hadi ukazoeleka.

Lawama iliyozoeleka dhidi ya vipindi hivi ni kwamba viliharibu Kiswahili na kuwadhihaki watu wa makabila fulani kwa kuigiza matamshi yao. Lawama hii ina nguvu, na sitaki kuipuuza. Kuna vichekesho vilivyosimama juu ya lafudhi peke yake, ambapo Mkamba, Mluhya au Mjaluo alichekwa kabla hajasema la maana, na kicheko cha aina hiyo kinaweza kuacha kovu. Lakini fikiria mfano mkubwa kuliko yote. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, Mjaluo aliyependwa na nchi nzima, aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu. Mkewe katika mchezo, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, Mluhya. Katika nchi ambayo siasa zake zimewatenganisha Wajaluo na Wakikuyu kwa miongo mingi, Mkikuyu aliivaa lafudhi ya Mjaluo kwa umakini na upendo kiasi kwamba watazamaji wengi walistaajabu walipojua jina lake halisi. Hakumfanya Ojwang' mjinga wa kupita. Alimpa ukaidi, hila, majivuno, woga wa mke na utu. Kuhusu sarufi, walimu walikuwa na haki ya kulalamika, lakini lugha inayosubiri wasemaji wasio na kosa hata moja haiwezi kuwa ya taifa. Mkenya wa bara aliambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa Pwani na yeye anakikopa tu. Ojwang' alimwonyesha kwamba anaweza kukisema kwa ulimi aliozaliwa nao na bado akaeleweka kutoka Kisumu hadi Lamu.

Mpinzani mwingine atasema upendo huo ulikuwa wa kulazimishwa: kulikuwa na kituo kimoja, na mtu aliyewasha runinga hakuwa na pa kwenda. Hoja hii inaweza kupimwa, kwa sababu historia yenyewe ililifanya jaribio hilo. Mwaka 1990 KTN ilianza kutangaza Nairobi na ukiritimba ukavunjika, mwaka mmoja baada ya Sauti ya Kenya kugeuzwa kuwa KBC. Tamthilia za Mexico zilizoingizwa sauti za Kiingereza zikaja kwa wingi, na kweli ziliteka watu. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba Kenya ilikuwa tayari imeutumia ufundi wa Mexico kwa lugha yake. Tushauriane, tamthilia ya Kiswahili ya mwaka 1987 iliyozungumzia uzazi wa mpango, ilifuata mbinu za Miguel Sabido, mtayarishaji wa Mexico aliyeonyesha kwamba mchezo wa mapenzi na fitina unaweza kubeba elimu. KBC ikaendelea na Tausi katika miaka ya 1990, na Vitimbi na Vioja Mahakamani vikavuka mafuriko yale bila kuzama.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa vituo vya binafsi vyenyewe. Mfanyabiashara wa matangazo hana huruma na lugha. Anakwenda waliko watazamaji. Citizen, katika muongo wa kwanza wa karne hii, iliwekeza kwenye vipindi vya nyumbani na kuvipanga jioni ileile. Charles Bukeko akawa Papa Shirandula, bawabu anayewaficha watu wa kijijini kwao kazi anayofanya mjini, na aliendelea kupendwa hadi kifo chake Julai 2020. Davis Mwabili akawa Inspekta Mwala. Wapo wanaosema hilo ni tunda la kanuni za serikali zinazovitaka vituo vionyeshe kiasi fulani cha kazi za ndani. Kanuni hizo, lakini, zinahesabu kazi ya Kenya kwa lugha yoyote, na kipindi cha Kiingereza kilichotengenezwa Nairobi kinatosheleza hesabu. Wenye vituo walipojichagulia wenyewe, walirudi kwenye Kiswahili, na mara nyingi kwa waigizaji waliofuata njia iliyofunguliwa na Sauti ya Kenya.

Tanzania ilipita njia nyingine, nayo inasaidia kuipima hoja. Zanzibar ilipata runinga ya rangi mwaka 1973, kabla ya nchi nyingi za Afrika, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya binafsi kama ITV vilipoanza. Kule Kiswahili hakikuhitaji kutetewa, kwa kuwa kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967. Tatizo lilikuwa fedha na mazoea ya kununua. Isidingo ya Afrika Kusini ilikuwa na wafuasi waaminifu kwenye ITV, kwa Kiingereza chake chote. Hata hivyo kituo hichohicho kilipolipa nafasi kundi la Kaole, tamthilia zake kama Jahazi, Dira na Zizimo ziliipa nchi sura ilizozikumbuka: Steven Kanumba, Vincent Kigosi, Blandina Chagula. Wengi wao walihamia filamu za kanda na kujenga soko la Bongo Movie. Wanaosimulia soko hilo huanzia dukani penye kanda. Mimi ningeanzia kwenye jioni za ITV, ambapo watazamaji walijifunza kuwapenda waigizaji wao kabla hawajatoa shilingi kununua filamu zao.

Wageni nao waliisoma alama hiyo. Mwaka 2011 tamthilia ya China kuhusu binti aitwaye Mao Doudou na mama wakwe zake iliingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na TBC ya Tanzania, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Siku hizi ving'amuzi vinaleta tamthilia za Uturuki zikisema Kiswahili fasaha. Je, hilo halimalizi ubishi, kwamba lugha imeshinda na haijalishi kisa kimetoka wapi? Linajalisha sana. Sauti iliyobandikwa inaweza kutafsiri ugomvi wa mkwe na mkaza mwana, lakini mdomo, chumba, chakula na desturi vinabaki vya Beijing au Istanbul. Ojwang' hakutafsiriwa kutoka popote. Ndiyo sababu nazithamini kazi za Lulu Hassan na Rashid Abdalla, watangazaji wa habari za Kiswahili ambao kampuni yao ilitoa Maria mwaka 2019, kisha Zora, kisha Sultana. Katika Sultana kisa kimekaa Pwani, msichana asiyeona ndiye kiini chake, na salamu, nyumba na ugomvi ni vya hapohapo.

Kuna deni moja lililobaki. Kabla ya Benson Wanjau kufariki Julai 2015, Wakenya walimchangia fedha za matibabu ya macho, mtu aliyewachekesha kwa zaidi ya miaka thelathini. Malipo ya marudio ya vipindi yanapaswa kuwa haki ya mwigizaji kwa mkataba, ili uzee wake usitegemee mchango. Na mashirika ya umma ya Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar yafungue maktaba zao, yaorodheshe kanda zilizopo, yaandike majina ya waigizaji na waandishi wa kila kipindi, na kuziweka mahali ambapo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuzitazama bila kuomba kibali. Kama una kanda uliyorekodi nyumbani miaka ile, usiitupe. Ipeleke chuo kikuu kilicho karibu nawe.