Kutoka Mizani ya Pamba hadi Mizani ya Dhahabu

Ukifika machimbo ya Nyarugusu, mkoani Geita, utasikia karasha, mashine ya kusaga mawe, kabla hujaliona duara, shimo la kuchimbia. Mawe yaliyopandishwa kwa kamba husagwa yakawa unga. Unga huoshwa mwaloni, juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia, na kinachonasa huchanganywa na zebaki katika beseni, hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Jasho la watu wengi la siku nyingi huishia kwenye kipande kidogo kuliko ukucha. Kipande hicho kikishawekwa juu ya mizani, maneno hukatika na macho yote huhamia kwenye namba.

Hapo ndipo kijana aliyemaliza kidato cha nne huuliza: kaka yangu ana digrii na bado anazunguka na bahasha, mwenye duara aliishia darasa la saba na ana nyumba, ana Fuso, ana watu wanaomngoja ampangie kazi. Chuo kikuu ni cha nini? Ni swali la haki, na ukanda huu wa Shinyanga na Geita umekuwa ukilijibu kwa muda mrefu kuliko umri wa chuo kikuu chochote nchini.

Kabla ya Wajerumani, nchi hii ilikuwa na wasomi wake. Warongo, wahunzi wa upande wa Geita na Biharamulo, waliyeyusha chuma kwa tanuri za udongo, mivuo na makaa ya miti waliyoijua kwa majina. Majembe ya chuma yalikuwa bidhaa na mahari katika Usukuma na Unyamwezi. Ufundi ule haukuokotwa njiani. Ulikuwa na miiko yake, na wenye kuujua waliulinda wasije wakautoa kwa kila mpita njia. Mtu alifanikiwa bila kalamu, lakini hakufanikiwa bila kufundishwa. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipojaa sokoni, tanuri zikazimika, na ujuzi ule haukupata mahali pa kuandikwa na kuendelezwa.

Mwaka 1940, Mwadui, kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga, John Williamson aligundua mwamba wenye almasi. Alikuwa Mkanada mwenye shahada ya uzamivu ya jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill, na alikuwa ametafuta kwa miaka kadhaa, mara nyingi akiwa hana fedha. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, akamzawadia Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza aliyekuwa akiolewa. Wasukuma walikuwa wakilima na kuchunga mifugo katika nchi ile vizazi kwa vizazi. Hawakukosa akili wala bidii. Walichokosa ni elimu ya kusoma mwamba, na sheria ya mkoloni ilimpa haki aliyekuwa na elimu hiyo.

Katikati ya miaka ya 1940 Mwadui ilikuwa na karani kijana, Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma. Aliondoka mgodini akaenda Mwanza, akaingia katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Kilio cha Usukuma wakati ule kilikuwa mizani. Mkulima alifika na marobota yake ya pamba, mnunuzi akasoma uzito, mkulima akapokea alichopewa. Miezi ya kupalilia na kuchuma ilipimwa na mtu mmoja, kwa chombo ambacho mwenye pamba hakuweza kukisoma. Wakulima wakaamua kuweka watu wao kando ya mizani, vijana waliojua kusoma na kuhesabu, wahakiki kila ratili.

Mtu wa mizani hakuhitaji digrii. Hesabu za shule ya msingi zilimtosha, na hesabu hizo zilirudisha senti za mkulima mfukoni mwake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilipatikana. Lakini vyama vilipokua, vikahitaji mikopo, viwanda vya kuchambua pamba na ujuzi wa soko la dunia, daftari la msingi halikutosha tena. Bomani akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Mwaka 1955 akawa meneja mkuu wa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliotajwa miongoni mwa mikubwa barani Afrika, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Mizani ilianza na anayejua kuhesabu, na safari yake ikafika hadi bajeti ya taifa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na kitivo cha sheria. Nyerere alijua kwamba wachache watakaofika huko watabebwa na jasho la wengi wasiofika. Ndiyo maana Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ya msingi iwe kamili kwa mtoto atakayerudi shambani, badala ya kuwa ngazi tu ya kupandia. Azimio la Musoma la 1974 likasukuma elimu ya msingi kwa wote, na sauti za watoto zikasikika katika vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na kengele ya shule.

Dhahabu ikaja kuliuliza swali upya. Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966, na miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo wakafurika kila mahali palipovuma habari za dhahabu. Bulyanhulu, wilayani Kahama, walichimba kwa nyundo na tindo hadi Agosti 1996 walipoondolewa ili kupisha mwekezaji. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Kuanzia hapo mgawanyo wa mali iliyo chini ya ardhi uliamuliwa katika vifungu vya mikataba, mbali na sululu zinapogonga, na huko hakuna aliyeweza kutetea haki kwa nguvu ya mkono.

Mwaka 2017 hesabu ile ikafunguliwa upya. Serikali ilizuia makontena 277 ya makinikia, mchanga wenye dhahabu na shaba kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, yaliyokuwa bandarini Dar es Salaam. Profesa Abdulkarim Mruma aliongoza kamati iliyopima mchanga. Profesa Nehemiah Osoro aliongoza iliyochambua uchumi na sheria. Rais aliyewaagiza, John Magufuli, alikuwa mzaliwa wa Chato, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, na kabla ya siasa alikuwa mkemia wa Ushirika wa Nyanza, mrithi wa ushirika ule wa Bomani. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi hiyo, ilizipinga takwimu za kamati. Hata hivyo sheria ikapandisha mrabaha hadi asilimia 6, na mazungumzo na Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, yakazaa Twiga, kampuni ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Wachimbaji elfu kumi wenye mikono migumu wasingeweza kupima mchanga ule.

Wala tusimdharau aliyefanikiwa bila chuo. Juni 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani, aliuza mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7. Alisema wazi kwamba yeye si msomi, na miongoni mwa mambo aliyotaka kuyafanya kwa fedha zile alitaja kujenga shule. Anayeijua gharama ya kutosoma hahitaji hotuba kuhusu faida ya kusoma.

Na duara lina mitihani yake. Oktoba 2015 machimbo ya Nyangalata, Kahama, yalititia yakafukia wachimbaji. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi na wadudu. Ustahimilivu wao ni wa kuheshimiwa siku zote. Lakini mwamba hauzuiwi kwa ushujaa. Unazuiwa kwa matimba yaliyopangwa na mtu aliyefundishwa namna unavyopasuka.

Basi, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Digrii si sharti la mtu mmoja kufanikiwa. Ufundi wa VETA, leseni yako mwenyewe, biashara ya haki, vyote ni njia, na wanaozipita wanastahili heshima ile ile ya msomi. Lakini jamii iliyokalia almasi na dhahabu, isiyo na wajiolojia wake, wanasheria wake, wahasibu na madaktari wake, itapimiwa na wengine kila siku. Tangu 2019 Geita ina soko la madini, ambako dhahabu hupimwa mbele ya serikali na mwenye mali. Nenda siku moja usimame pale. Muulize aliyeshika mizani alisoma wapi, na usafi wa dhahabu anaujuaje. Kisha amua kama mwanao atakaa upande wa kusoma namba au upande wa kusomewa.