Kung'oa Nanga: Ritifaa katika Maandishi Yetu

Katika bandari ya Kilwa Masoko, nahodha anayetaka kuondoka huamuru nanga ing'olewe. Kung'oa nanga ni maneno mawili tu, na kila mzaliwa wa pwani huyatamka bila ya kufikiri. Hata hivyo ndani yake mna sauti mbili zilizo mbalimbali, ambazo herufi za N na G zimelazimishwa kuzibeba zote. Katika neno la pili herufi hizo zimesimama bila ya msaada. Katika neno la kwanza zimewekewa alama ndogo kwa juu, mfano wa ukucha, ambayo walimu wetu huiita ritifaa, na wengine huiita kibainishi. Wanafunzi wengi huiacha alama hiyo pale inapotakiwa na kuitia pale isipotakiwa. Na walimu wao, aghalabu, huisahihisha kwa wino mwekundu bila ya kueleza ilikotoka wala kazi iliyoitiwa. Nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza hayo mawili, na Kilwa ni mahali pafaapo kuanzia, kama tutakavyoona.

Tuanze na kinywa kabla ya karatasi. Mwalimu amwambie mwanafunzi atamke ng'ombe, lakini akomee katika sauti ya kwanza. Ataweza kuivuta mpaka pumzi imwishie, maana ulimi umeziba nyuma ya kinywa na pumzi yote yapita puani. Kisha ajaribu ngoma. Hapo baada ya mvumo mfupi wa puani hapana budi G ipasuke, na ikishapasuka haivutiki tena. Hizi ni konsonanti mbili kamili. Ngoa ni wivu au uchu, ndiyo sababu husemwa kwamba fulani analia ngoa. Ng'oa ni kutoa kwa nguvu kitu kilichoshikamana, kama jino, kisiki au nanga. Basi ritifaa ya ng'oa si ndugu ya nukta wala ya mkato, ambazo kazi yake ni kupanga sentensi. Hiyo ni sehemu ya herufi. Aiachaye hakukosea vituo, bali amekosea tahajia, sawasawa na mtu aliyeandika baba akikusudia papa wa baharini.

Mfano huo wa baba na papa sikuutaja bure, kwa maana kulikuwa na wakati ambapo maneno hayo mawili yaliweza kuandikwa kwa namna moja. Mkono mdogo tu wa bahari unaitenga Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani, mji ambao watu wake walijua kuandika karne nyingi kabla ya shule zetu. Sarafu za shaba za Sultani Ali bin al-Hasan zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na yaliyo upande mmoja yana kina kimoja na ya upande wa pili. Jambo ambalo mtunzi wa mashairi hawezi kulipita bila ya kutabasamu. Historia ya watawala wa mji huo iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Lakini lililo kubwa zaidi kwetu ni barua. Barua za kale kuliko zote zijulikanazo katika lugha ya Kiswahili zilitoka Kilwa mwaka 1711. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na marafiki zao, miaka michache baada ya Wareno kupoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Leo zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, Bara Hindi. Miongoni mwa wenye barua hizo yumo Mfalme Fatima, malkia wa Kilwa.

Mwandishi wa zama hizo alikuwa na herufi 28 za Kiarabu, na Kiarabu hakina P, wala CH, wala V, wala G ya goti, wala sauti zetu za puani zilizoungana na konsonanti. Kwa desturi aliandika B mahali pa P na pa MB, na D mahali pa ND. Herufi iitwayo ghaini ilichukua mzigo mzito kuliko zote: iliandikiwa ghali, ikaandikiwa goti, ikaandikiwa ngoma, ikaandikiwa ng'ombe. Tena irabu za O na U zilikuwa na alama moja, na E na I vivyo hivyo. Kwa hati kama hiyo ngoa na ng'oa ni mapacha wasiotambulikana. Msomaji alijua lipi ni lipi kwa kuyatazama maneno yanayotangulia na yanayofuata.

Wako wanaoidharau hati hiyo kwa sababu hii. Mimi siwaungi mkono. Barua ya Kilwa iliandikiwa mtu aliyekwisha kuijua lugha, na utenzi uliandikwa ili usomwe kwa sauti na mtu aliyekwisha kuusikia. Hati ilikuwa kikumbusho, na lugha yenyewe ilikaa katika masikio ya watu. Kwa kazi hiyo ilitosha, na baadaye walitokea waandishi, hasa upande wa Mombasa, walioongeza nukta na alama ili kupunguza utata. Ilipungua pale ambapo msomaji alikuwa mgeni, au mtoto, au mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili kutoka katika kitabu. Watu hao ndio waliokuwa wakiongezeka katika karne ya 19.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Edward Steere, padri Mwingereza wa misheni ya Vyuo Vikuu huko Unguja, ambaye baadaye alikuwa askofu. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kwa herufi za Kirumi, na humo sauti ya ng'ombe imepewa alama yake, nayo ni ritifaa hii hii tuitumiayo. Mwaka 1876 Steere mwenyewe alishuka Lindi, akaongoza kwa miguu kundi la watu waliokwisha kuachiliwa utumwani mpaka Masasi. Si mbali na hapo, Kilwa Kivinje ilikuwa katika karne hiyo mojawapo ya bandari kubwa walimopakiliwa watumwa kutoka upande wa Nyasa. Kwa hiyo pwani hii ya kusini iliyoandika barua za kwanza kwa ghaini, iliwaona pia mapema watu waliokuja na hati ya pili.

Hati ya kwanza haikufa siku hiyo. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi kwa herufi za Kiarabu, na ni baadaye tu ulipopigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa umekwisha kugeuka. Mwaka 1907 Carl Velten alichapisha huko Berlin mkusanyo wa maandishi ya Waswahili, zikiwamo habari za kale za Kilwa na za Lindi, na shule za serikali ya Kijerumani zilikuwa zikifundisha watoto kuandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo za Kirumi.

Waingereza walipofuata, waliitaka tahajia moja kwa nchi zote nne za Afrika Mashariki. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi Januari 1930. Katika kamusi iliyotolewa mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson, ng' ilibaki na ritifaa yake. Kulikuwa na njia nyingine. Wataalamu wa lugha za Kiafrika huko London walikuwa wamependekeza herufi moja kwa sauti hii, nayo ni N yenye mkia, ŋ. Waganda waliipokea katika tahajia yao ya mwaka 1947, na ngoma yetu kwao ni eŋŋoma. Sisi tulibaki na alama ambayo kila mashine ya kupigia chapa tayari ilikuwa nayo. Ni njia rahisi, lakini ina gharama yake: herufi yenye mkia haiwezi kudhaniwa kuwa pambo, ritifaa yaweza. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, jambo hili lilikuwa limekwisha kukaa, wala halikuguswa.

Kuna ritifaa nyingine ambazo tahajia sanifu haikuzipokea. Watu wa Mombasa na wa visiwa vya kaskazini hutofautisha paa wa porini, atamkwaye kwa kusukuma pumzi, na paa la nyumba. Wataalamu wao huandika p'aa kwa yule wa kwanza. Vivyo hivyo k'aa wa pwani na kaa la moto. Wengine waliandika sha'iri na ma'ana ili kuonyesha ile ain ya Kiarabu. Sanifu imeacha yote hayo, ikaandika shairi na maana, na mwanafunzi asisumbuliwe nayo isipokuwa anasoma maandishi ya kale.

Yapo makosa mengine yanayotoka katika kipindi cha Kiingereza. Huko mtoto hufundishwa kwamba alama hii huonyesha mwenye mali, na kwamba hushika mahali pa herufi zilizomezwa. Akirudi katika Kiswahili huona ng' akadhani kuna kitu kimemezwa, akatafuta ni kipi. Hakuna. Na umiliki kwetu una kiungo chake: kitabu cha Juma, nyavu za mvuvi, ngazi za msikiti. Kiungo hicho hukubaliana na ngeli ya kinachomilikiwa, nacho hakihitaji alama yoyote. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wakae pamoja kwa nusu saa wapatane kuhusu maelezo haya. Hilo litafaa kuliko mazoezi kumi.

Ipo hata hivyo ritifaa moja ya Kiswahili ambayo kweli hushika mahali pa kilichomezwa, nayo ni mali ya watunzi. Tangu Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, wanafunzi wamejua kwamba mishororo ya shairi hupimwa kwa mizani. Neno ameondoka lina mizani tano. Mtunzi aliyebakiwa na nafasi ya nne huandika 'meondoka, na ritifaa humwambia msomaji kwamba mtendaji amefichwa kwa makusudi. Huo ndio inkisari. Lakini huonekana mashairi ambamo mtunzi ameandika n'takuja badala ya nitakuja, akijisifu kwamba ameokoa mizani. Hakuokoa kitu. N hiyo ikisomwa hubeba silabi yake yenyewe, kama N ya nchi, na sikio huhesabu nne vile vile. Na kinyume chake, ritifaa ya ng' haipunguzi wala haiongezi: ng'ang'ania ni mizani nne, wala hapana awezaye kuzifanya sita.

Jambo linalonikereketa zaidi ni majina. Chukueni jina la mwandishi mashuhuri wa Kenya aliyefariki dunia mwaka 2025, Ngũgĩ wa Thiong'o. Jina lake la kwanza laanza kwa sauti ya ngoma, na la mwisho lina sauti ya ng'ombe. Aliandikaye bila ya ritifaa ameandika jina la mtu mwingine. Kule Unguja, upande wa pili wa hori ya mji wa kale waitwa Ng'ambo, jina lenye maana yake wazi kwa mwenyeji; ikiandikwa Ngambo maana inazama. Hapa petu, nje kidogo ya mji wa Lindi, kuna Ng'apa. Katika daftari, katika vibao vya barabara, na siku hizi katika simu, ambapo kidole huona uvivu kuitafuta alama, Ng'apa huwa Ngapa. Mtoto aliyeandikishwa shuleni bila ya ritifaa, kisha akaandikwa nayo katika cheti cha kuzaliwa, huweza kutakiwa athibitishe kwamba watu wawili hao ni mmoja. Karani aliyeiacha alama hiyo aliokoa kitambo kidogo kabisa cha wino.

Kwa sababu hiyo napendelea walimu wa huku kwetu waianzie imla baharini. Wasome taratibu: Nahodha aling'oa nanga alfajiri, tanga likapandishwa, na shehena ya ng'onda ikaelekea ng'ambo. Humo mna ng' tatu, na ng mbili zisizotaka kitu. Mwanafunzi atakayeandika tang'a asomeshwe neno lake kwa sauti mbele ya wenzake, naye atalicheka mwenyewe. Akikosa nafasi mwishoni mwa mstari, asiitenganishe ng na ritifaa yake, kwa kuwa ni herufi moja. Baada ya hapo watumwe vijijini kwao wakaorodheshe majina ya mahali yenye N na G, kila jina wakilisikia kwanza kutoka kinywani mwa mzee kabla ya kuliandika. Ng'apa itapata ritifaa yake. Songo Mnara haina haja nayo. Na majina mengine yatamlazimu mwalimu apande baiskeli aende akasikilize mwenyewe.