Rangi ya mafuta

Ingia duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda uombe rangi ya mafuta: utapewa mkebe wa kupaka milango. Ndiyo aina aliyoitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga, Dar es Salaam, mwaka 1968, na picha za mtindo wake zingali zinauzwa ufuoni Diani. Inang'aa, tena hukauka upesi.

Anayejifunza kuchora sura ya mtu kwa mtindo wa kale wa Ulaya ahitaji nyingine, iliyosagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Hukaa mbichi siku kadhaa, hata kivuli cha chini ya shavu kikaunganishwa taratibu na mwanga. Jina moja kwa vitu viwili linampotezea mwanafunzi pesa. Walimu wa sanaa, kuanzia Diani hadi Msambweni, hii ya pili tuiite rangi ya kitani.