Mwigo na Sauti ya Pahali: Santuri ya Kwanza ya Ghetto Boys

Mwacha asili ni mtumwa, wasema wahenga. Na aghalabu wahakiki wa fasihi simulizi huutumia usemi huo kuihukumu kazi inayoanza kwa kuiga. Hata hivyo, historia ya tungo za mijini yaonyesha kwamba mwigo huweza kuwa chuo cha msanii kabla hajaipata sauti yake. Mfano mmoja ni Making Trouble, santuri iliyotolewa mwaka wa 1988 na kikundi cha Ghetto Boys cha Houston, Texas, kusini mwa Marekani.

Wakati huo kitovu cha muziki wa kufokafoka, yaani rapu, kilikuwa New York. Los Angeles nayo ilikuwa imeanza kusikika kwa rapu ya majambazi, tungo zinazosimuliwa kwa nafsi ya mhalifu wa mtaani. Houston haikuhesabiwa. Rap-A-Lot, kampuni changa iliyoanzishwa mjini humo na James Prince, ndiyo iliyoitoa santuri hiyo. Wafokaji walikuwa Prince Johnny C na Sire Jukebox. Midundo ilikuwa ya DJ Ready Red. Naye Bushwick Bill aliingia kikundini kama mchezaji ngoma. Namna yao ya kufoka ilifuata nyayo za Run-D.M.C. wa New York, na santuri haikuvuma. Lakini ndani yake mlikuwamo “Assassins”, wimbo ambao vitisho vyake vya mauaji huhesabiwa na wahakiki miongoni mwa vianzio vya rapu ya kuogofya.

Baadaye Johnny C na Jukebox waliondoka, wakaingia Scarface na Willie D, wenyeji wa Houston. Santuri ya 1989, Grip It! On That Other Level, ilizungumza kwa lafudhi na visa vya mji wao. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba sauti ya pahali ni suala la kuzaliwa tu. Ready Red alitoka Trenton, New Jersey. Bushwick Bill alizaliwa Jamaika, akakulia New York. Na wote wawili walikuwamo katika santuri zote mbili.

Mwaka wa 1990 nyingi za nyimbo hizo zilitolewa upya, pamoja na “Assassins”, jina la kikundi sasa likiandikwa Geto Boys. Kampuni ya Geffen ilikataa kuisambaza santuri hiyo kwa sababu ya ukatili wa maneno yake, hasa dhidi ya wanawake. Lawama hiyo haikukosa msingi, na mhakiki hana budi kuikabili. Mwaka uliofuata ulitoka “Mind Playing Tricks on Me”, ambamo jambazi anateswa na hofu na wasiwasi wa moyo wake mwenyewe. Wimbo huo ulifika nafasi ya 23 katika orodha ya Billboard.

Anayeianza historia hii mwaka wa 1991 ataidhani sauti hiyo ilizuka ghafla. Santuri iliyosahauliwa yaonyesha kwamba nafsi ya jambazi ilivaliwa kwanza kama barakoa, na kwamba miaka mitatu ilihitajika kabla ya mtu kuonekana nyuma yake.